Mlio wa Gari la Ndizi

Siku Mjomba Rogath alipoondoka, Theodora alikuwa anafagia ua. Ilikuwa Jumamosi, na kazi za Jumamosi pale kwao Kilema zilijulikana: kufagia, kuwakatia ng'ombe majani, kuchota maji kwenye mfongo, mfereji uliopita nyuma ya migomba, kisha kuosha gari na kulipiga oili kwa chini. Mjomba alitoka kwenye chumba chake cha uani akiwa na mfuko mmoja wa nguo. Aliuacha chini, akapanda barazani, akaziweka funguo za gari mezani mbele ya Baba. Hakuzitupa. Aliziweka taratibu, kama mtu anayeweka yai.

"Shemeji, funguo ni hizi," alisema.

Baba hakuinua uso. Alikuwa anakoroga chai ambayo alishaikoroga.

Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. Rogath alikuwa mdogo wake wa mwisho, wa nyumba yao ya Kirua Vunjo, na tangu aje kuishi nao ndiye aliyekuwa akiendesha gari.

"Rogath, angalau kunywa chai kwanza."

"Nimeshiba, dada."

Alipopita karibu na Theodora alisimama kidogo. "Haya, Theo," alisema. "Soma." Theodora alitakiwa kujibu kitu, lakini aliutazama ufagio. Alipoinua macho, Mjomba alikuwa ameshafika kwenye ua wa mimea ya masale, anateremka njia ya kwenda barabarani.

Mchana ule kiburu cha ndizi na maharage kilibaki sufuriani. Mama alikuwa amepika cha watu wanne.

Kisa chenyewe kilianzia kwenye gari. Bei ya kahawa ilipoporomoka, baba yake Theodora, Mzee Wenseslaus, alifanya kama wengi walivyofanya miaka ile. Aling'oa sehemu ya mibuni, akaongeza migomba, akauza ng'ombe wawili na kununua gari dogo jeupe lililokwisha kutumika Japani. Kila siku ya soko gari lilishuka Moshi limejaa mikungu ya ndizi, mingine ikiwa imefungwa juu ya keria.

Mjomba Rogath alipenda kumweleza Theodora mambo ya gari. Alimwambia kwamba gari lile lilivutwa na magurudumu ya mbele. Kila gurudumu la mbele lilizungushwa na shafti, na kwenye shafti kulikuwa na jointi. "Jointi ni kama goti lako," alisema. "Bila goti utatembea, lakini kona hutakata." Jointi ilikaa ndani ya grisi, na grisi ilifungiwa ndani ya mpira mweusi wenye mikunjo, kama soksi iliyoshuka mguuni. Jointi ikilika, gari hulia *ka-ka-ka-ka* kila linapokata kona.

Jointi zilizokuja na gari zilipoanza kulia, Baba alinunua nyingine mjini. Alichagua orijino, zenye alama ya kiwanda, kwa sababu siku hizo maduka yalijaa spea za kila namna na feki zilikuwa nyingi. Mjomba alizifunga mwenyewe nyumbani, chini ya banda. Masika moja yalipita, gari likaanza kulia. Baba akanunua orijino nyingine, Mjomba akazifunga. Kabla mwaka haujaisha, gari likalia tena.

"Mangi, jointi orijino haifi mara mbili kwa mwaka," jirani mmoja alimwambia Baba kilabuni, akimwita kwa heshima ya Kichagga, mbele ya watu wanaokunywa pombe ya mbege. "Labda shemeji yako anauza zako na kukufungia feki. Wewe unamwangalia akifunga?"

Baba hakumwangalia. Alirudi nyumbani na neno hilo kichwani, akakaa nalo.

Jioni moja alimwita Theodora barazani. Theodora alikuwa darasa la sita, na Baba hakuwa na kawaida ya kumwuliza jambo lolote zaidi ya kama ng'ombe wamekunywa maji. Siku hiyo alimsogezea kigoda.

"Theodora, wewe hushuka na Mjomba wako sokoni siku za likizo. Umewahi kumwona akimpa mtu kitu?"

Theodora alifikiri. "Ndiyo, Baba. Alikuwa na kitu amekifunga kwenye gazeti. Alikitoa chini ya kiti, akampa kondakta wa basi la Kirua."

Baba alisogea mbele. "Kikubwa?"

"Kama hivi." Alionyesha kwa mikono.

"Kizito?"

"Kizito, Baba."

"Alipokuona alisemaje?"

"Alisema nisimwambie Mama."

Yote hayo yalikuwa kweli. Lakini kulikuwa na jambo jingine ambalo Theodora alilijua. Gazeti lile lilikuwa limelowa, na upande mmoja damu ilikuwa imepenya hadi kwenye vidole vya Mjomba. Ilikuwa nyama. Mjomba alikuwa akimpelekea mama yake, bibi yake Theodora, aliyekuwa mgonjwa kule Kirua. "Usimwambie mama yako," alikuwa amesema akicheka, "atasema sibakizi hata hela ya sabuni."

Theodora aliufungua mdomo aseme. Kisha akauona uso wa Baba. Baba alikuwa anamtazama kama anavyowatazama watu wazima wanaoleta habari za maana. Akaufunga mdomo.

"Umefanya vizuri kuniambia," Baba alisema.

Kesho yake shuleni Theodora alimnong'oneza rafiki yake Gladness: "Mjomba wangu anaiba spea za gari letu. Mimi ndiye niliyemkamata." Gladness aliapa kwamba hatasema. Kufikia saa ya mapumziko, wavulana wa darasa lao walikuwa wameshapata wimbo. Mjomba Rogath alipopita na gari kando ya uwanja, walikimbia nyuma yake wakiimba, "Ka-ka-ka! Jointi iko wapi? Ka-ka-ka!" Mjomba alidhani wanacheza. Aliwapungia mkono.

Wiki hiyo hiyo Baba alimwambia Mjomba waziwazi kwamba anauza jointi zake, na Jumamosi ile Mjomba aliondoka.

Baba alijifunza kuendesha gari mwenyewe. Alitafuta fundi mpya mjini, mtu asiyemfahamu Rogath, akampata Abdulkarim, aliyekuwa na gereji upande wa Majengo. Safari hii Baba alikwenda dukani pamoja na fundi, akanunua jointi kwa mkono wake, na zilipokuwa zikifungwa alisimama pale pale hadi nati ya mwisho.

"Sasa tutaona," alimwambia Mama aliporudi.

Kila Jumamosi waliendelea kuliosha gari. Theodora alichota maji, na baada ya kuosha, Baba alilishusha bomba la mgongoni lililokuwa likining'inia bandani, lile la kupulizia dawa ya kahawa. Mibuni iliyobaki haikupuliziwa dawa tena, kwa hiyo bomba lilikuwa na kazi moja tu. Baba alilijaza oili chafu iliyotolewa kwenye injini, akaichanganya na dizeli ili ipite kwenye tundu. Theodora alipampu, Baba akalala chali na kupuliza chini yote ya gari, kila pembe, mpaka pakang'aa. Tope la masika halishiki kwenye oili, na chuma hakipati kutu. Baba alikuwa amefundishwa hivyo na baba yake.

Baada ya miezi mitatu Bibi alifariki.

Mazishi yalikuwa Kirua, kwenye kihamba chao, shamba la ukoo, kati ya migomba. Mjomba Rogath alichimba kaburi pamoja na vijana wengine, akabeba maji, akapanga mabenchi. Alimsalimia dada yake, akamshika kichwa Theodora. Mahali Baba alipokuwa ameketi hakupakaribia. Baba naye alikaa na kofia magotini, akitazama chini, na watu walimtazama mmoja, halafu wakamtazama mwingine.

Theodora alipelekwa jikoni kumenya ndizi na akina mama. Mama mmoja mnene, jirani wa Bibi, alikuwa akizungumza bila kujua yule mtoto ni wa nani.

"Maskini, alikuwa anauliza mpaka siku za mwisho. 'Ni kweli Rogath wangu ameiba?' Kila aliyeingia, anamwuliza hilo hilo. Ungemjibuje?"

"Aliiba kweli?" mwingine aliuliza.

"Wanasema mtoto wa dada yake alimwona kwa macho."

Kisu kiliteleza mkononi mwa Theodora. Hakikumkata, lakini aliweka kidole mdomoni ili apate sababu ya kutoka nje. Alisimama nyuma ya jiko. Alitaka kumwendea Mama na kumwambia kuhusu damu kwenye gazeti. Mama alikuwa kando ya kaburi, ameshikwa na wanawake wawili. Theodora hakwenda. Usiku huo hakula, na watu wakasema anamlilia bibi yake. Hapo pia aliwaacha wasadiki hivyo.

Shuleni mambo yaligeuka. Mjomba hakuwepo tena wa kukimbizwa, kwa hiyo wavulana walimkimbiza yeye. "Mpelelezi! Ka-ka-ka!" Gladness alicheka pamoja nao.

Mvua za masika zilikuwa zimekolea ndipo siku moja, kwenye kona ya kuingilia sokoni, Theodora aliposikia. Alikuwa ameketi mbele na kapu la parachichi mapajani. *Ka-ka-ka-ka.*

Baba alinyoosha usukani, kelele ikaisha. Alikata kona nyingine. *Ka-ka-ka-ka.* Waliteremsha ndizi, wakaenda moja kwa moja Majengo.

"Mangi! Karibu," Abdulkarim alisema, akijifuta mikono kwa tambara. "Nilijua utaniletea ndizi."

"Jointi zinalia tena."

"Zipi?"

"Zile zile. Tulizonunua mimi na wewe."

Abdulkarim aliacha kucheka. Aliingia kwenye gari, akalizungusha uwanjani mduara mmoja kulia na mwingine kushoto, kichwa kikiwa nje ya dirisha ili asikie. Lililia pande zote mbili. Alilipiga jeki, akavua gurudumu moja, kisha jingine. Kwa ndani ya kila gurudumu grisi ilikuwa imerushwa na kufanya duara jeusi, kama maji yanavyorushwa na mwavuli ukizungushwa.

"Unaona? Grisi imetoka yote. Jointi inazunguka kavu. Na udongo wetu wa huku juu ukiingia humo ni msasa mtupu." Alishika mpira wenye mikunjo. Aliubonyeza. "Binti, hebu njoo ushike hapa."

Theodora alibonyeza. Kidole kilizama. Mpira ulikuwa umevimba, na mikunjo ilikuwa imegandana. Alipoondoa mkono, kidole kilikuja na weusi unaonata kama utomvu wa ndizi.

Abdulkarim alileta mpira mpya kutoka kwenye boksi. "Na huu?"

"Huu ni mgumu."

"Ndivyo unavyotakiwa." Alimgeukia Baba. "Jiwe likiupiga mpira, huukata mahali pamoja. Na mara nyingi upande mmoja tu. Hii imelainika yote, kulia na kushoto sawasawa. Ndipo ikapasuka."

"Dereva mbaya?" Baba aliuliza.

"Dereva mbaya atavunja jointi. Hawezi kulainisha mpira."

"Spea feki, basi."

"Mangi, tulikuwa wote dukani!" Abdulkarim alinusa kidole chake. Alinusa tena. "Gari hili mnaoshea nini?"

"Maji."

"Maji tu?"

"Maji tu. Ya mfongo."

Theodora alimtazama Baba. Baba hakuwa anadanganya. Kwake yeye, kuosha kulikuwa kuosha, na kupiga oili ilikuwa kazi nyingine kabisa. Kwa kitambo kidogo Theodora alinyamaza. Kisha alikumbuka mara ya mwisho aliponyamaza.

"Na oili, Baba," alisema. "Oili chafu na dizeli. Tunapuliza kwa chini na bomba la kahawa."

"Ile ni ya kuzuia kutu," Baba alisema.

"Kila lini?" Abdulkarim aliuliza.

"Kila Jumamosi," Theodora alijibu.

Abdulkarim aliketi juu ya tairi. "Kila Jumamosi! Nani alikufundisha hivyo, Mangi?"

"Baba yangu. Gari lake alilifanyia hivyo miaka yote, na shafti zake hazikulia hata siku moja."

"Gari lake la zamani lilikuwa chuma kitupu kule chini. Halikuwa na mpira kama huu. Sikiliza. Chuma kinapenda oili. Mpira unaumwa nayo, na dizeli ndiyo inaumaliza kabisa. Unavimba, unalegea, unapasuka. Ukishapasuka, hata ningekufungia jointi ya dhahabu, itakufa." Aliinama kutazama chini ya gari kwa kurunzi. "Na ushukuru Mungu mabomba ya breki bado hayajapasuka. Nayo ni mpira. Yanavimba pia, haya hapa. Kwenye ule mteremko wenu mngeteremka mpaka Himo bila kusimama."

Baba alivua kofia, akaivaa tena. "Nilifunga jozi mbili za jointi kabla ya hizi. Yaani, alizifunga shemeji yangu. Nilidhani ni feki."

"Uliziangalia zilipotoka?"

"Hapana."

"Bado mnazo?"

"Ziko bandani."

"Basi zipanguse," Abdulkarim alisema. "Alama ya kiwanda haiondoki kwa uchafu."

Alipofika nyumbani Baba hakuingia ndani. Alikwenda bandani, akapekua nyuma ya magunia, akatoa jointi za zamani moja baada ya nyingine. Zilikuwa zimefunikwa na grisi kavu na vumbi kama madongo. Alimwagia tambara mafuta ya taa, akachuchumaa, akaanza kusugua. Mama alikuja akasimama nyuma yake. Theodora alisimama mlangoni.

Alama ilitokea kidogo kidogo kwenye chuma. Herufi kwanza, halafu namba. Zilikuwa zile zile zilizokuwa kwenye jointi za Abdulkarim. Baba alichukua ya pili, akaisugua. Ya tatu. Alisugua ya nne kwa muda mrefu kuliko zote, kana kwamba alitumaini hiyo moja ingemtetea.

"Zote?" Mama aliuliza.

"Zote."

"Kwa hiyo mdogo wangu ametoka hapa bure. Na mama yangu..."

Baba alibaki amechuchumaa. Theodora hakuwahi kumwona Baba akikosa mahali pa kuweka mikono. "Jumapili nitakwenda Kirua," alisema hatimaye. "Nitachukua jani la isale. Nitamwomba msamaha." Alisimama, akatazama tambara. "Jointi hakuuza, nimeona. Ila kuna kile kifurushi cha kwenye gazeti. Alichouza pale sokoni ni kitu gani, hilo atanieleza mwenyewe."

Theodora aliona itakavyokuwa: Baba atakwenda na isale mkono mmoja na shutuma mkono wa pili, na yote kwa sababu yake. Angeweza kungoja, Mjomba ajieleze. Angeweza kusema alisahau.

"Baba," alisema. "Ilikuwa nyama."

Wote wawili waligeuka.

"Alikuwa anampelekea Bibi. Damu ilikuwa imelowanisha gazeti. Niliiona."

"Uliiona lini?" Mama aliuliza.

"Siku ile ile."

"Kwa hiyo baba yako alipokuuliza, ulijua?"

"Nilijua."

Mama alimtazama kwa muda, kisha akageuka akaenda jikoni. Hakupiga kelele, na Theodora alitamani angepiga. Baba alikalia gunia.

"Nilikuuliza kama ni kikubwa," alisema polepole. "Nikakuuliza kama ni kizito. Sikukuuliza ni nini. Mimi nilikuwa na jibu langu tayari, nilikuwa natafuta mtu wa kunipa. Lakini wewe ulijua, Theodora. Jumapili utakwenda na isale lako."

Kwa Wachagga, jani la isale huchukuliwa na mtu aliyekosa anapokwenda kwa yule aliyemkosea. Hufungwa fundo moja. Anayeletewa hawezi kumfukuza aliyelileta kabla hajamsikiliza, hata kama ana hasira kiasi gani. Jumapili baada ya misa Baba alikata majani mawili kwenye ua, akafunga fundo katika lake. La pili akampa Theodora alifunge mwenyewe.

Baba, Mama na Theodora walimkuta Mjomba Rogath akipalilia maharage karibu na kaburi la Bibi. Aliwaona, akaliona isale mkononi mwa Baba, akaweka jembe chini. Theodora alimwamkia, "Shikamoo, Mjomba," na Mjomba akaitika kwa sauti ya chini.

Baba hakuzunguka. Alieleza habari ya mpira, oili na bomba la kahawa. Alieleza alivyozipangusa jointi. "Nilikushtaki bila kupangusa chuma, shemeji. Nilikuwa na macho na tambara, na sikutazama. Nimekuja kukuomba unisamehe."

Mjomba alitikisa kichwa. "Bomba la kahawa," alisema. "Hata mimi nililishika zile wiki ulizokuwa na malaria. Nikapuliza kwa bidii kweli kweli. Zile jointi tumeziua pamoja." Alicheka kidogo, na Baba akataka kucheka, akashindwa.

Kisha wote walimtazama Theodora. Jani lilikuwa limelowa jasho kiganjani mwake.

"Mjomba, nilijua ni nyama," alisema. "Baba aliponiuliza, sikusema. Na shuleni nilisema wewe ni mwizi."

Mjomba alitazama lile kaburi, ambalo udongo wake ulikuwa haujashikana bado.

"Mama aliniuliza," alisema. "Nilimwambia si kweli. Alinishika mkono, akasema sawa. Lakini kesho yake akaniuliza tena. Sijui kama aliniamini, Theo. Hilo ndilo linaloniuma. Kazi ya gari mtu anapata nyingine."

Theodora alilia. Mjomba hakumnyamazisha, wala hakumfukuza. Theodora alipomaliza kulia, Mjomba alinyoosha mkono akapokea jani la Baba, kisha akapokea la Theodora.

"Nimepokea," alisema.

Wakati wa kurudi Mama alimweka Theodora karibu naye. Tangu siku ya bandani alikuwa amezungumza naye maneno ya kazi tu.

"Nisikilize, mwanangu," alisema. "Hukutamka hata neno moja la uongo, na bado ulidanganya. Ulichukua ukweli ukatoa kipande kimoja, kile kile kilichokuwa kinamwokoa mtu. Ukiulizwa habari ya mtu, sema yote unayoyajua, hata kama anayekuuliza amekusogezea kiti na anataka kusikia nusu. Na ukishakosea, usingoje. Bibi yako alikuwa na miezi mitatu ya kusikia ukweli, na sisi tulikuwa hapa hapa. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Mama."

"Na shuleni je?"

"Nitasema pale pale niliposemea."

Jumatatu Theodora alimwomba mwalimu wa darasa ruhusa, akasimama mbele. Alisema kwamba mjomba wake hakuiba kitu, kwamba jointi ziliharibiwa na oili waliyopuliza wao wenyewe, na kwamba yeye alijua kuhusu kifurushi na akanyamaza. Jovin, aliyekuwa kinara wa wale waimbaji, alinyoosha mkono.

"Kwa hiyo hakuiba hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Sasa mbona mlituimbisha?" Jovin alisema. Watu wachache walicheka, lakini Jovin mwenyewe hakucheka. Gladness alisogea kwenye benchi ili Theodora apate nafasi ya kukaa. Baba naye, Jumapili iliyofuata, alisimama kilabuni kabla hajashika kata ya mbege, akawaeleza watu wote jinsi alivyokosea. Jirani aliyemtia neno kichwani aliondoka mapema siku hiyo.

Baba alimwomba Rogath arudi Kilema, mara mbili. Mjomba alishukuru, akakataa. Sasa anaendesha lori la mpunga kule Chekereni, na mwezi ukiisha hupitia kwa dada yake, hunywa chai, na huondoka kabla ya jioni.